Upatu, kikoba, bima... mama yao ni mmoja!

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya nyumba ndogo na wivu wa kijinga, tuongee fedha. Najua kuna watakaoruka ukurasa huu wakimbilie katuni. Subirini kidogo jamani, haya mambo yana vituko kuliko hizo katuni zenyewe.

Chanzo ni dada mmoja wa Tandika. Ananiuliza hivi: kazini anacheza upatu, mtaani yuko kwenye kikoba, na sasa kuna kijana mwenye tai anamfuata kila wiki akate bima. "Vyote hivyo mimi natoa tu hela. Tofauti yake ni nini?"

Swali zuri sana hilo. Tena ukiwauliza wengi wanaojifanya wajanja hapa mjini watababaika. Jibu fupi ni kwamba mama yao ni mmoja. Vyote ni chungu kimoja ambacho watu wengi wanatia chao. Watoto wa huyo mama ndio wanaotofautiana tabia, na ukitaka kuwajua uliza maswali matatu: nani anachukua, anachukua lini, na anachukua kwa sababu gani. Yashike hayo matatu kama nauli ya daladala, usiyaachie.

Tuanze na upatu, maana huo hata mtoto wa darasa la tatu anaujua. Watu kumi, kila mmoja elfu ishirini kwa wiki. Kijumbe anakusanya, laki mbili hiyo, anapewa mwenye zamu. Wiki kumi mchezo umekwisha, kila mtu ametoa laki mbili na kila mtu amekula laki mbili. Hapo hakuna faida wala hasara, si ndiyo?

Sasa sikia. Aliyekula wiki ya kwanza alikuwa ametoa elfu ishirini tu akabeba laki mbili. Maana yake wenzake wamemkopesha laki na elfu themanini bila riba hata senti! Aliyekula mwisho yeye amekuwa anajiwekea akiba mikononi mwa watu wengine kwa wiki kumi, naye bila riba. Ndio maana siku ya kupanga zamu huwa kuna kasheshe, wengine wana harusi, wengine wana kodi ya nyumba, wengine "mtoto anaenda shule". Na ndio maana kijumbe huwa haweki mtu asiyemjua namba moja. Akishakula halafu akaingia mitini, nani atamkamata?

Kwa hiyo kwenye upatu anachukua kila mtu, kwa zamu, kwa sababu zamu yake imefika. Chungu kinajazwa na kukombwa siku hiyo hiyo. Ukipata msiba wiki ambayo si yako, labda kijumbe awe na moyo akubadilishie zamu. Asipokubali, utalia na mchezo utaendelea.

Kikoba kimekwenda mbele hatua moja. Mama yangu mzazi yuko kwenye kimoja, na siku ya kikao hata kama nyumba inaungua yeye hayupo. Wako chini ya thelathini. Kila wiki mtu ananunua hisa, zinaandikwa kwenye kitabu chake. Fedha zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti ambao si wenye kukaa na sanduku. (Wanaume tungekuwa na akili hiyo kwenye vijiwe vyetu, tungekuwa mbali!) Humo kwenye sanduku ndimo watu wanamokopa, kwa kufuata hisa zao, na wanarudisha na riba. Hiyo riba haiendi kwa tajiri wala benki, inarudi sandukuni. Mwisho wa mwaka wanavunja, kila mtu anapata hisa zake na sehemu yake ya faida. Hiyo siku mama anakuwa mkarimu hadi unaogopa.

Ila mle sandukuni kuna kamfuko kengine kadogo. Kila kikao kila mtu anatia buku au mia tano, hazihesabiwi hisa, hazirudi kwako. Wanaita mfuko wa jamii. Mwenzenu kalazwa, kafiwa, kaunguliwa, anachukuliwa humo na halipi. Kama hujapata shida mwaka mzima, hela yako imekwenda na hulalamiki.

Haya, hapo ndipo tumeingia kwenye bima. Bila tai wala fomu!

Neno lenyewe bima limetufikia kutoka Uajemi na India. Kwa miaka mingi wazee wetu waliijua bima ya shirika moja tu, Shirika la Bima la Taifa lililoundwa mwaka 1963, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia mlango watu binafsi. Lakini wazo lake liko kwenye huo mfuko wa jamii: wengi wanatoa kidogo kidogo, wachache waliopatwa ndio wanachukua. Anayechukua si mwenye zamu, ni mwenye balaa. Na lini? Siku ambayo hakuna mtu aliyeichagua.

Mtu ataniuliza, sasa si bora niweke hela yangu mwenyewe chini ya godoro nikisubiri hilo balaa? Tupige hesabu, kidato cha nne hatukwenda kuchezea mpira. Chukua vijana mia moja wenye bodaboda, kila pikipiki milioni tatu. Tuseme kwa kawaida kila mwaka zinaibwa mbili kati ya hizo mia. Hasara ni milioni sita. Gawa kwa mia, kila mmoja elfu sitini kwa mwaka, basi, aliyeibiwa ananunua nyingine. Peke yako ungehitaji milioni tatu nzima chini ya godoro, na mwizi angeweza kuja kesho wakati una elfu themanini tu.

Sasa fanyeni kikundi cha watu kumi peke yenu. Mwaka huu haiibwi hata moja, mnasherehekea. Mwaka ujao zinaibwa mbili, kila mmoja atoe laki sita! Nani atatoa? Simu zitazimwa. Lakini mkiwa elfu moja, mnategemea ziibwe kama ishirini. Mwaka huu zikawa kumi na saba, kila mmoja elfu hamsini na moja. Mwaka mwingine ishirini na nne, elfu sabini na mbili. Tofauti ipo, ila haiui mtu. Siri ya mfuko mkubwa ndiyo hiyo. Haupunguzi wizi hata kidogo, ila unafanya hasara ijulikane mapema ni kiasi gani. Wenye kampuni wanaongeza juu yake mishahara, kodi ya ofisi na akiba ya mwaka mbaya, halafu na faida yao. Hayo usiwaonee gere, ila pia usiyasahau unapolipa.

Mpaka hapo tamu. Uchungu unaanza pale watu wanapoanza kujiona.

Mtaani kwetu Mbagala tuna chama cha kufa na kuzikana, na mimi ndiye katibu, kwa sababu eti nina mwandiko mzuri. Kaya themanini, kila mwezi elfu tano. Kwa mwaka ni milioni nne na laki nane. Ukifiwa unapewa laki nane, turubai na viti vya chama. Ina maana mfuko unabeba misiba sita kwa mwaka, na ndio wastani wetu.

Siku moja vijana wakaja juu kikaoni. Hoja yao ilikuwa hivi: wanaokufa ni wazee, sisi wenye miaka ishirini na kitu tunalipia misiba ya watu wengine. Wakataka vijana watoe elfu mbili, la sivyo wanajitoa, kaya kama ishirini na tano hivi. Wazee wakanywea. Mimi ni kijana pia, ila daftari lilikuwa mkononi mwangu, nikawasomea hesabu. Wakitoka ishirini na tano zinabaki kaya hamsini na tano, yaani milioni tatu na laki tatu kwa mwaka. Misiba minne tu imezimaliza, inabaki laki moja. Lakini wanaotoka si ndio wale wasiofiwa? Misiba itabaki ile ile sita. Kwa hiyo waliobaki itabidi watoe elfu saba na mia tatu kila mmoja. Kwa bei hiyo wenye afya kidogo miongoni mwao nao watajitoa, bei ipande tena, watoke wengine, mpaka wabaki wagonjwa peke yao na sanduku tupu. Chama kimekufa, na cha kukizika hakuna.

Wengi walielewa. Wachache walitoka, akiwemo mshikaji mmoja fundi redio ambaye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Baada ya miezi saba karudi, mpole, na ada ya miezi yote mkononi. Baba yake alikuwa kalazwa na madaktari walishasema wao basi.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Kikao kilikaa mpaka saa tano usiku. Kina mama wengine walikuwa wanalia. Katiba yetu inasema mwanachama mpya anangoja miezi sita ndipo anastahili. Mzee mmoja fundi cherehani akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Tukimpokea huyu leo, kuanzia kesho hakuna mtu atakayelipa akiwa mzima." Wakapiga kura. Walimpokea, lakini angoje miezi sita kama wengine. Baba yake akafariki baada ya wiki tatu. Hakupewa laki nane. Tulipitisha daftari nyumba kwa nyumba, kila mtu akatoa kwa hiari yake, na mzee alizikwa kwa heshima. Ila mfuko haukuguswa. Wapo wanaotuona tulikuwa na roho mbaya. Mimi ninasema hiyo roho ndiyo iliyofanya chama kiwepo mpaka leo, na huyo huyo fundi redio sasa hivi ni mwanachama, hajachelewesha hata mwezi.

Msidhani haya ni mambo ya uswahilini tu. Mnaikumbuka Toto Afya Kadi? Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa unampokea mtoto kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Bei ya kutupa. Lakini wazazi wengi walikuwa wanamkumbuka mtoto siku anapougua, wale wazima wanabaki nyumbani bila kadi. Gharama za matibabu zikaacha michango mbali sana, na mwaka 2023 Mfuko ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka waletwe kwa familia au kupitia shuleni. Watu walilalamika, na wana haki, maana kuna mama aliyebaki na mtoto mgonjwa mkononi. Ila ugonjwa wa mfuko ulikuwa ule ule wa fundi redio wetu. Watumishi wa serikali tangu mfuko huo uanze kazi mwaka 2001 hawaulizwi kama wanataka au hawataki, wanakatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri anatia nyingine tatu, mzima na mgonjwa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2023 inasimama kwenye wazo hilo hilo la kuingia wote.

Halafu kuna wajanja wa aina nyingine. Kwetu kuna bwana mmoja alifiwa na mama mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara tatu! Kwanza mama mzazi, tukalipa. Baadaye mama mkubwa, "si mama huyo?" Tukalipa kwa kuona aibu. Mama mdogo alipofariki, mwenyekiti akaita kikao cha dharura. Hakuwa anadanganya, kwa mila zetu wote ni mama zake. Lakini kwa mtindo huo kuna watu wana mama wanane, na wana baba hata sita. Ikabidi katiba iandikwe upya: mzazi ni aliyekuzaa au yule uliyemwandikisha kwa jina siku ya kujiunga, basi. Ndugu zangu, yale maandishi madogo madogo kwenye karatasi ya bima yametokana na kina mama watatu wa namna hiyo. Yasome kabla ya kutia sahihi, maana ndiyo yanayosema nani ni mama yako.

Sasa kuna jambo ambalo mfuko mkubwa peke yake hauliwezi. Mfano wa bodaboda ulifanya kazi kwa sababu wezi hawaibi zote siku moja. Kumbukeni mafuriko ya Desemba 2011, maji yalivyoingia Jangwani na bonde lote la Msimbazi, mpaka watu wakahamishiwa Mabwepande. Fikiria wakazi wa bondeni peke yao wangekuwa na mfuko wa nyumba kuingia maji. Siku hiyo wangekuwa wanadai wote, na hakuna aliyebaki mkavu wa kuwachangia. Mfuko wa watu wanaopatwa na balaa moja siku moja ni mwavuli wa karatasi. Ndio maana kampuni za bima nazo zinakata bima kwenye kampuni kubwa zaidi, wanaita bima mtawanyo, ili hasara ya bonde moja ikagawiwe mpaka nchi za mbali. Na ndio maana kikundi chenu kikiwa na wauza samaki watupu, siku samaki wakiadimika wote mtakuja kukopa na hakuna atakayerudisha. Changanyeni na fundi, mwalimu, muuza mkaa.

Tukija kwenye uwekezaji, mama ni yule yule, ila hapa watu wanagawana faida. Wachaga walishalijua hilo zamani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU. Kahawa inakusanywa pamoja, mkulima anapata malipo ya awali, ikishauzwa anapata malipo ya pili. Mwenye magunia mawili anauza kwa nguvu ya wenye maelfu, na hategemei bahati ya siku aliyopeleka yeye.

Siku hizi kuna mifuko ya vipande, kama Mfuko wa Umoja wa UTT ulioanza mwaka 2005. Muuza maandazi hawezi kwenda na elfu hamsini kununua hisa za kampuni kumi na hati fungani za serikali. Lakini hela yake ikichanganywa na za maelfu ya watu, mfuko unanunua hivyo vyote, naye anamiliki kijipande cha kila kimoja. Kampuni moja ikiyumba, nyingine zinashika. Ila nisiwadanganye, soko zima likishuka na kipande chako kinaweza kushuka. Kuchanganya kunakukinga na balaa la mmoja, balaa la wote lipo pale pale. Na wanaousimamia huo mfuko wanakata chao.

Nimalizie na mtoto wa haramu wa ukoo huu. Mnaikumbuka DECI? Watu "walipanda mbegu" wakaahidiwa kuvuna mara mbili na zaidi. Wa mwanzo walivuna kweli, wakaenda kuwaita shangazi zao. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu. Eti upatu! Upatu wetu wa kazini umepakwa matope bure. Kwenye upatu wa kweli kinachotoka ni kile kile kilichoingia, hakuna anayeahidiwa zaidi. Kwenye bima kinachotoka kina balaa lake. Kwenye kikoba riba imetoka kwa mama aliyekopa akauza vitenge. Kwenye DECI hela ya kuvuna ilikuwa mbegu ya mtu aliyeingia nyuma yako. Kwa hiyo ongeza swali la nne kwenye yale matatu: hii ziada inatoka wapi? Mtu akianza kujikuna kichwa, shika mkoba wako uondoke.

Dada wa Tandika, upatu uchezee friji na kodi ya nyumba, vitu unavyojua tarehe yake. Kikoba kikuzie mtaji. Bima iwe kwa lile ambalo likikupata leo utauza kitanda. Na huko kote lipa ukiwa mzima, maana ukingoja uumwe utakuta katibu ana daftari na kura zimeshapigwa.

Kwa leo nang'atuka. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye nyumba ndogo, nako najua kuna mifuko ya siri. Kwaherini!